Sauti Isiyosikika na Uponaji wa Majeraha

Mwanafunzi aliyekwisha kusoma sura ya sauti katika somo la fizikia anafahamu kwamba sikio la binadamu lina mipaka yake. Halisikii mtetemo ulio chini ya mara 20 kwa sekunde, wala halisikii ule uliozidi mara 20,000 kwa sekunde, yaani kilohezi 20. Popo na pomboo huuvuka mpaka huo wa juu bila taabu, sisi hatuwezi. Sauti iliyouvuka ndiyo inayoitwa altrasaundi. Wananchi wengi wamelizoea neno hili kutokana na kliniki za wajawazito, ambako mawimbi hayo hutumika kumtazama mtoto aliye tumboni. Makala haya hayahusu kazi hiyo ya kutazama. Yanahusu altrasaundi inayokusudiwa kutibu: ile ambayo mtaalamu wa tiba ya viungo huielekeza kwenye kifundo cha mguu kilichoteguka, kwenye bega lenye maumivu, au kwenye mfupa uliovunjika, kwa matumaini kwamba jeraha litapona upesi zaidi.

Je, hupona upesi zaidi? Swali ni fupi, lakini kulijibu kumechukua miaka mingi kuliko ilivyotarajiwa. Ni swali linalofaa kuzungumzwa darasani, kwa kuwa fizikia yake ni nyepesi na ya hakika, ilhali utabibu wake umekuwa na mashaka tangu mwanzo.

Chanzo cha jambo hili

Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, waligundua kwamba baadhi ya fuwele, kama zile za kwatzi, hutoa umeme zinapobanwa. Baada ya muda mfupi ikaonekana kwamba kinyume chake pia ni kweli: fuwele ikitiwa umeme unaobadilika mwelekeo, hutanuka na kusinyaa kwa kufuata mabadiliko hayo. Kitu kinachotanuka na kusinyaa mara nyingi kwa sekunde hutoa sauti. Na umeme ukibadilika mara milioni moja kwa sekunde, sauti hiyo itakuwa ya megahezi 1, mbali sana na upeo wa masikio yetu.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwanafizikia Mfaransa Paul Langevin aliitumia sifa hii kutengeneza chombo cha kupeleka mawimbi ya sauti baharini ili kutafuta nyambizi za adui. Majaribio yalipofanyika Toulon, samaki waliopita karibu na chombo hicho walikufa, na mtu aliyetia mkono majini alisikia maumivu makali. Mmarekani Robert Wood, aliyeyashuhudia mambo hayo, baadaye alishirikiana na Alfred Loomis katika maabara ya Tuxedo Park, New York. Mwaka 1927 walichapisha maelezo yao: mawimbi yenye nguvu nyingi yalipasua seli nyekundu za damu, yakaua samaki wadogo na vyura.

Kilichoweza kuua, wengine wakawaza, huenda kikipunguzwa nguvu kitaponya. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Reimar Pohlman wa Ujerumani alianza kuwatibu wagonjwa kwa altrasaundi, na mwaka 1949 wataalamu walikutana Erlangen kujadili matumizi yake katika utabibu. Kuanzia miaka ya 1950 mashine zilienea katika idara za tiba ya viungo za Ulaya na Marekani, na hatimaye zikafika katika hospitali zetu pia. Zilienea kabla ya kuulizwa kama zinaponya kweli. Jambo hili msomaji alikumbuke, maana sehemu kubwa ya makala haya yatokana nalo.

Mashine yenyewe

Mashine ya tiba ni sanduku la umeme lenye waya, na mwishoni mwa waya pana kichwa cha chuma kinachotosha kiganjani. Ndani ya kichwa hicho mna kipande chembamba cha kauri kinachofanya kazi ile ile ya fuwele ya Curie. Marudio yanayotumika sana ni megahezi 1 na megahezi 3. Nguvu yake hupimwa kwa wati kwa kila sentimita ya mraba, na kwa kawaida haizidi wati 3.

Tupige hesabu ndogo. Katika nyama ya mwili sauti husafiri takriban mita 1,540 kwa sekunde. Tukigawanya kwa mitetemo 1,000,000 kwa sekunde twapata urefu wa wimbi wa mita 0.00154, yaani kama milimita moja na nusu. Linganisha na sauti ya kawaida hewani: mita 340 kwa sekunde ikigawanywa kwa mitetemo 1,000 hutoa urefu wa sentimita 34. Wimbi la sentimita 34 husambaa kila upande, ndiyo maana mwalimu akisema mbele ya darasa husikika hadi nyuma. Wimbi la milimita moja na nusu, likitoka katika kichwa chenye upana wa sentimita mbili au tatu, huenda mbele kama mwanga wa tochi. Kwa hiyo mtaalamu aweza kulielekeza mahali anapopataka.

Lakini haliwezi kuvuka hewa. Tofauti ya ukinzani baina ya hewa na mwili ni kubwa mno, hata zaidi ya asilimia 99 ya nguvu za wimbi hurudishwa linapokutana na hewa. Uwazi mwembamba kama karatasi baina ya kichwa cha mashine na ngozi watosha kuifanya tiba yote kuwa bure. Hii ndiyo sababu ya ute ule unaopakwa ngozini. Wagonjwa wengi huudhani kuwa dawa. Kumbe kazi yake ni kuiondoa hewa tu. Kwa vidole vya mkono, ambavyo havina uso ulio sawa, mkono hutiwa ndani ya beseni la maji na kichwa cha mashine huzamishwa humo, kikawekwa mbali kidogo na ngozi.

Likiisha kuingia mwilini, wimbi hupungua nguvu kadiri linavyosonga, kwa kuwa tishu hulifyonza. Wimbi la megahezi 1 huweza kufika sentimita 3 hadi 5. La megahezi 3 hufyonzwa upesi zaidi na huishia katika sentimita 1 au 2 za juu. Nguvu zinazofyonzwa hazipotei, bali hugeuka joto. Tishu zenye protini nyingi, kama kano na misuli, hufyonza zaidi kuliko mafuta. Bibi zetu waliokanda viungo kwa maji ya moto walikuwa wakilitafuta joto hilo hilo, ila joto la kitambaa halipenyi sana zaidi ya ngozi na mafuta yaliyo chini yake.

Joto hilo ni kiasi gani? Katika miaka ya 1990 watafiti wa Marekani walitia vipimajoto vyembamba ndani ya misuli ya ndama za miguu ya watu waliojitolea. Kwa megahezi 1 na wati 1.5 kwa sentimita ya mraba, misuli ilipata joto la karibu nyuzi 0.3 kila dakika. Kwa megahezi 3 na nguvu hiyo hiyo, karibu nyuzi 0.9. Basi kuiongezea misuli nyuzi 3 kwa megahezi 1 huhitaji kama dakika 10, tena katika eneo dogo lisilozidi mara mbili ya ukubwa wa kichwa cha mashine. Mtaalamu akikipitisha kichwa hicho mgongo mzima kwa dakika tano, hesabu yenyewe yaonyesha kwamba hakuna joto la maana atakalokuwa ameliingiza. Na likiingia, damu inayozunguka hulichukua. Dakika chache baada ya mashine kuzimwa nyuzi hizo zimekwisha kushuka.

Joto si athari pekee. Mawimbi yakitolewa kwa vipindi, kwa mfano milisekunde 2 za sauti na milisekunde 8 za kimya, joto halijikusanyi, lakini mtikisiko wabaki. Katika maabara imeonekana kwamba mtikisiko huo hubadilisha mwendo wa majimaji pembezoni mwa seli, hurahisisha kalisi kupita katika utando wa seli, na seli zinazofuma nyuzi za kovu huongeza utengenezaji wa protini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mary Dyson na wenzake wa London walitoboa masikio ya sungura, wakayatibu kwa altrasaundi, na wakaona tishu zikijijenga upya kwa kasi zaidi. Mwanafizikia au mwanabiolojia akiishia hapo, atasema bila kusita kwamba tiba hii inafaa.

Kutoka maabara hadi kwa mgonjwa

Hapa ndipo penye mtihani. Kifundo cha mguu kilichoteguka uwanjani, kwa watu wengi, hupungua uvimbe na maumivu katika majuma machache kwa nguvu za mwili wenyewe. Mgonjwa anayetibiwa kwa mashine katika majuma hayo hayo ataishukuru mashine. Mtaalamu naye, aliyewaona mia moja wakipona, ataapa kwamba inaponya. Hakuna anayesema uongo, ila hakuna pia anayejua mgonjwa yule angalikuwaje bila mashine.

Ili kujua, sharti wagonjwa wagawanywe kwa kura, kundi moja litibiwe na jingine lisitibiwe, pasipo mtu kujua yuko kundi gani. Kwa dawa nyingine jambo hili lina shida. Kwa altrasaundi ni rahisi ajabu. Sauti yenyewe haisikiki, na katika kipimo cha chini ngozi haihisi lolote. Mashine huweza kutengenezwa ili taa iwake, saa ihesabu dakika, ute upakwe na kichwa kizungushwe kama kawaida, lakini umeme usifike katika kauri. Mgonjwa hatatambua, wala mtaalamu anayeishika hatatambua. Ni nadra utabibu kupata nafasi nzuri ya majaribio kama hii.

Mwaka 2001 watafiti Robertson na Baker walichapisha uchunguzi wa majaribio 35 yaliyofanywa kwa wagonjwa. Kati ya hayo ni 10 tu yaliyokuwa na utaratibu wa kuridhisha. Na katika 10 hayo, mawili yalionyesha altrasaundi kuwa bora kuliko mashine bandia, manane hayakuonyesha hivyo. Kuhusu vifundo vya miguu vilivyoteguka, uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka 2011 ulikusanya majaribio sita yenye watu 606. Waliotibiwa kwa mawimbi ya kweli na waliotibiwa kwa mashine bandia hawakutofautiana kwa kiasi cha maana. Wengi wa makundi yote mawili walipona vizuri.

Na vidonda? Matokeo ya masikio ya sungura yaliwatia watu moyo kuijaribu tiba hii kwa vidonda vya miguu visivyopona, vile vinavyotokana na mishipa ya vena iliyoharibika. Majaribio ya awali yalileta matumaini. Kisha Uingereza na Ireland zikafanya jaribio kubwa lenye wagonjwa 337, ambapo nusu yao walitibiwa kwa altrasaundi mara moja kwa juma kwa majuma 12 pamoja na kufungwa bandeji za kubana, na wengine walifungwa bandeji tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: altrasaundi haikuharakisha uponaji. Sikio la sungura kijana mwenye afya si mguu wa mzee mwenye kidonda cha miaka.

Kisa cha mfupa wa muundi

Kisa kinachofundisha kuliko vyote ni cha mifupa iliyovunjika, nami nitakikawilia kidogo. Mwaka 1983 watafiti Xavier na Duarte wa Brazil walitoa habari kwamba mifupa iliyokataa kuunga iliunga baada ya kupelekewa altrasaundi hafifu sana. Nguvu iliyokuja kukubaliwa kuwa kawaida ni miliwati 30 tu kwa sentimita ya mraba, kwa megahezi 1.5, dakika 20 kila siku. Kipimo hiki ni kidogo mno hata hakiwezi kupasha joto. Kama kina kazi, basi ni kwa kuzitikisa seli za mfupa.

Mwaka 1994 kikachapishwa Marekani kipimo cha mivunjiko 67 ya mfupa wa muundi, kwa kura na kwa mashine bandia. Waliotibiwa walipona kwa wastani wa siku 96. Wasiotibiwa, siku 154. Miaka mitatu baadaye ikaja taarifa ya mivunjiko ya mkono karibu na kiwiko cha kiganja: siku 61 dhidi ya 98. Msomaji aliyewahi kufungwa plasta, au aliyemuuguza ndugu aliyevunjika mguu kwa ajali ya pikipiki, atatambua uzito wa tarakimu hizo. Karibu miezi miwili ya mshahara, ya shamba au ya masomo inaokolewa. Mwaka huo huo wa 1994 serikali ya Marekani iliruhusu chombo hicho kitumike, na kikauzwa kwa bei kubwa kwa miaka mingi.

Wapo waliobaki na mashaka. Majaribio yale yalikuwa madogo, na mengi yalipima zaidi kile kilichoonekana katika picha za eksirei, si kama mtu amerudi kazini. Kwa hiyo kukaandaliwa jaribio kubwa katika hospitali 43 za Amerika ya Kaskazini, lenye wagonjwa 501 waliovunjika muundi na kufanyiwa upasuaji wa kutiwa chuma ndani ya mfupa. Kila mmoja alipewa chombo cha kutumia nyumbani kila siku. Vingine vilikuwa vya kweli, vingine bandia. Sehemu ya gharama ilitolewa na watengenezaji wenyewe. Matokeo ya awali yalipotazamwa, jaribio likasimamishwa kabla ya wakati wake kwa kuwa hapakuwa na dalili ya faida. Taarifa kamili ilitoka mwaka 2016: makundi mawili hayakutofautiana katika kurudi kazini, katika uwezo wa kuutumia mwili, wala katika picha za eksirei.

Mwaka 2017 majaribio 26 yaliunganishwa. Yale yenye kasoro katika utaratibu yalionyesha picha za eksirei zikipona mapema kwa karibu theluthi moja ya muda. Yale yaliyofanywa kwa uangalifu hayakuonyesha chochote cha kutajika. Mwalimu wa hesabu au wa sayansi hatapata mfano bora wa kuwaonyesha wanafunzi jinsi kasoro za kipimo zinavyoweza kuzaa tiba isiyokuwapo. Jopo la wataalamu, likiwa na wagonjwa miongoni mwao, lilishauri kwa mkazo mwaka huo huo kwamba tiba hii isitumike kwa mifupa iliyovunjika. Wapo wanaodai kwamba wagonjwa wengine katika jaribio kubwa hawakukitumia chombo kila siku kama walivyoagizwa. Dai hilo ni la haki, lakini mgonjwa wa kawaida nyumbani kwake naye hatakitumia vizuri zaidi.

Si kwamba altrasaundi haina faida popote. Mwaka 1999 madaktari wa Vienna waliwatibu watu wenye chembe za kalisi zilizoganda katika kano za bega, mara 24 kwa majuma sita. Baada ya miezi tisa chembe hizo zilikuwa zimetoweka katika mabega asilimia 42 ya yaliyotibiwa, na asilimia 8 tu ya yaliyopewa mashine bandia. Maumivu nayo yalipungua zaidi tiba ilipokwisha, ingawa miezi tisa baadaye tofauti ya maumivu haikuwa tena ya kutegemewa. Hili ni mojawapo ya majaribio mawili yaliyofaulu katika yale kumi niliyoyataja.

Mashine hizi, zikitumiwa vizuri, hazina hatari kubwa. Hata hivyo hazielekezwi machoni, penye uvimbe wa saratani, kwenye tumbo la mjamzito, wala penye damu iliyoganda ndani ya vena. Kichwa hakiachwi kikatulia mahali pamoja, maana wimbi linaloenda likikutana na lile linalorudishwa na mfupa, huzuka wimbi lililosimama, na damu katika mishipa midogo huweza kukwama. Tena mashine huhitaji kupimwa mara kwa mara. Uchunguzi uliofanywa Scotland mwaka 1992 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya mashine zilizopimwa zilitoa nguvu tofauti sana na zile zilizoandikwa kwenye saa zake. Mtaalamu aliye mbali na maabara aweza kudondosha matone ya maji juu ya kichwa kilichoelekezwa juu, akaona kama yanacheza. Hapo atajua kwamba sauti inatoka, japo hatajua ni kiasi gani.

Gharama iliyo kubwa zaidi ni ya muda. Mgonjwa anayepanda basi mara tatu kwa juma ili apakwe ute na kupitishiwa kichwa cha mashine kwa dakika tano hulipa nauli, hukosa kazi, na pengine huridhika kwamba ametibiwa, asifanye mazoezi aliyofundishwa. Wataalamu wa tiba ya viungo wenyewe wanazidi kulisema hilo, na wengi wao wamezipeleka mashine hizi pembeni.

Kwa kijana aliyeteguka kifundo, ushahidi ulio imara zaidi hauhitaji umeme. Nchini Uholanzi wanamichezo 522 waliokuwa wameteguka vifundo waligawanywa kwa kura. Wote walipata matibabu yao ya kawaida, kisha kundi moja likapewa mazoezi ya mizani ya kufanya nyumbani bila msimamizi, mara tatu kwa juma kwa majuma manane. Katika mwaka uliofuata, waliofanya mazoezi walioteguka tena walikuwa asilimia 22. Katika kundi jingine walikuwa asilimia 33. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Zoezi la msingi katika aina hii ya mazoezi ni kusimama kwa mguu ulioumia, mwanzoni ukiwa umeshika ukuta, baadaye bila kushika, na mwisho ukiwa umefumba macho.